Usiku niliousingizia

Mimi ni mhasibu. Nalisema hili mapema ili usinishangae nikianza kuhesabu, maana kwa miezi mitatu mizima sikuwa na kazi nyingine ya maana: nilihesabu siku kwenye kalenda ya simu, nikitia alama nyekundu kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Na sikuwahi kujiuliza hata mara moja kama hesabu yenyewe imeanzia mahali pake.

Kwa akili yangu ilianza Ijumaa moja usiku. Mpira ulipasuka. Tulikuwa watu wazima wawili tuliojuana kwa wiki tatu hivi. Yule dada akasema "haya," mimi nikasema "usijali," kisha nikalala chali nikiangalia dari hadi alfajiri. Usiku huo nikaubatiza siku ya sifuri.

Siku ya tano nikaenda kupima. Siku nne za mwanzo nilikuwa najipa moyo. Nesi aliyenipokea alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, akaniita mwanangu, na swali lake la kwanza lilikuwa neno moja tu: "Lini?" Nilipomtajia, akafanya hesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. Dawa za kujikinga na VVU baada ya tukio, akasema, zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. "Umelala nazo siku mbili zaidi, mwanangu." Akanichoma kidole, akadondosha damu kwenye vipimo viwili, kimoja cha VVU na kingine cha kaswende, tukakaa kimya tukivitazama kama watu wanaosubiri maji yachemke. Mstari mmoja hapa, mstari mmoja pale. Hasi, hasi.

Akanieleza kitu kingine pia, na leo ninaweza kukirudia neno kwa neno ingawa siku ile kilipita sikio moja kikatokea la pili: "Haya majibu ni ya zamani, si ya Ijumaa. Rudi baada ya wiki sita, halafu baada ya miezi mitatu." Mimi nilishasikia hasi. Niliipiga picha ile karatasi, nikaitunza kwenye simu, na siku nikishikwa na wasiwasi ninaifungua na kuisoma upya, kama stakabadhi ya deni lililolipwa.

Kiswahili kina neno zuri sana kwa muda huu kati ya kuambukizwa na kuona dalili. Husemwa ugonjwa "unaatamiwa", kama kuku anavyoatamia mayai. Vimelea vimeshaingia, viko kazini, lakini ukiangalia kiota kwa nje huoni kitu ila kuku aliyetulia. Yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa. Kaswende, kwa wastani, huchukua siku 21 kutoa kidonda cha kwanza. Nilipokuja kulisoma hilo nilicheka peke yangu ofisini, mwenzangu wa meza ya pili akauliza kulikoni, nikamwambia ni kichekesho cha kodi.

Lakini wastani ni mtego, na mhasibu alipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Siku 21 ni katikati. Ukingo wa huku ni siku 10, ukingo wa kule ni siku 90. Kumbuka hiyo 90, nitairudia.

Siku ya 26 nikakiona. Kilikuwa upande wa chini wa uume, karibu na shingo yake, kidogo kama kifungo cha shati la mtoto. Kingo zake zilikuwa ngumu, ukikibana kwa vidole viwili unahisi kama kuna gegedu ndani. Katikati pekundu, pasafi, hapana usaha. Na hakikuuma. Nilikibonyeza, nikakiosha, nikakibonyeza tena: kimya. Kwenye kinena palikuwa na mtoki upande mmoja, nao haukuuma. Sasa wewe niambie, mtu aliyelelewa akijua kwamba ugonjwa ni maumivu atafikiri nini? Mimi nilifikiri ni zipu. Niliamua kabisa kwamba ni zipu, hata nikaacha kuvaa suruali ile.

Nikapaka mafuta. Baada ya wiki nne hivi kidonda kikafunga chenyewe, pakabaki kovu hafifu usiloliona bila taa. Nilifurahi. Karatasi ya hasi ninayo, kidonda kimepona, alama kwenye kalenda nikawa natia kwa mazoea tu. Wiki sita za nesi zikapita, sikurudi. Sikujua kwamba kidonda cha kaswende hupona chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita, utibiwe usitibiwe, na kwamba kupona huko hakuhusiani na wewe kupona. Bakteria wameshahama kwa njia ya damu.

Siku ya 80 na kitu nikaamka na harara. Si ya kuwasha. Madoa ya rangi ya shaba kwenye viganja na kwenye nyayo, mengine mepesi kifuani, koo linakereketa, na nilipochana nywele zikatoka vishungi vidogo. Nikasema ni sabuni mpya. (Ukiona mtu ana sababu tayari kwa kila kitu, ujue anaogopa.) Kilichonipeleka hospitali hatimaye si hekima. Kwenye kikao nilimpa mteja mkono, akautazama mkono wangu, akautazama wake.

Siku ya 84 daktari alivitazama viganja vyangu kwa sekunde tano tu kabla ya kuniuliza kama niliwahi kuwa na kidonda kisichouma. Damu ikachukuliwa, majibu yakarudi: kaswende, hatua ya pili, kiwango moja kwa sitini na nne (yaani damu hata ikizimuliwa mara sitini na nne, kipimo bado kinaona). VVU hasi, ila nikaambiwa nirudie baada ya kutimiza siku 90. Nikachomwa sindano ya penisilini ile nzito ya benzathini, yuniti milioni 2.4, nusu tako hili na nusu tako lile. Sindano yenyewe ni kama kusukumiwa dawa ya meno kwenye nyama. Sitaipamba.

Halafu likaja swali lililonifanya niandike yote haya. Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, akavuta karatasi nyeupe, akasema: "Niandikie wenzi wote wa miezi sita iliyopita." Nikamwambia hakuna haja, namjua aliyeniambukiza, na tarehe ninayo. Nikamtolea kalenda na alama zake nyekundu. Hesabu imenyooka: siku ya sifuri hadi kidonda ni siku 26, wastani ni 21, mkosaji ni mmoja.

Akaiangalia kalenda kwa heshima, nadhani, kisha akauliza: "Na wa kabla ya hapo?"

Nilikasirika. Sikuandika jina lingine. Nikaenda nyumbani, na usiku ule homa ikanishika vibaya sana: baridi, kutetemeka, kichwa kinapasuka. Nilikuwa nimeonywa. Bakteria wengi wakiuawa kwa mpigo mmoja, mwili hupokea mabaki yao kama shambulio, na homa hiyo huja ndani ya saa 24 za sindano kisha ikaisha. Ina jina, Jarisch-Herxheimer, nilishindwa kulitamka hata nikiwa mzima. Basi nikiwa natetemeka hivyo, saa nane usiku, nikamwandikia yule dada ujumbe. Sitauweka hapa.

Hakunijibu usiku ule. Siku ya 87 alinitumia picha ya karatasi: hasi. Vipimo vyote viwili, kile kinachotafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria hao, na kile kinachopima kiwango. Chini yake aliandika, "Wamenichoma sindano hata hivyo, kwa sababu yako. Siku 90 hazijaisha."

Nikaketi na hiyo picha muda mrefu. Kama yule dada ndiye aliyenipa, basi siku ya sifuri tayari alikuwa nayo. Siku ya 87 ingekuwa na angalau siku 87 ndani yake, na damu yake ingeshasema. Haikusema. Hesabu yangu nzuri, iliyonyooka, ilikuwa imefungwa kwenye akaunti isiyo yake.

Nikarudi kwa daktari, nikaomba ile karatasi nyeupe.

Kabla ya yule dada kulikuwa na mchumba wangu wa zamani. Tulikuwa watu wa kuachana na kurudiana, na mara ya mwisho kurudiana, kwa usiku mmoja, ilikuwa siku 35 kabla ya ile Ijumaa. Sikuwahi kuuhesabu usiku ule, kwa kuwa haukunisuta. Ulikuwa usiku wa mtu ninayemjua, hakuna kilichopasuka kwa vile hatukuvaa kitu, hakuna aliyekosa usingizi. Kutoka usiku ule hadi kidonda ni siku 61. Iko ndani ya 90, tena kwa nafasi.

Nilimpigia. Safari hii sikuandika, nilipiga, na niliongea polepole. Alinyamaza, kisha akaniambia miezi kadhaa nyuma aliwahi kutokwa na vipele akavitibu kama mzio. Kidonda hakuwahi kukiona. Kwa wanawake hilo si ajabu, kinaweza kukaa ukeni au kwenye mlango wa kizazi, mahali asipopaona mwenyewe, na kwa kuwa hakiumi hakuna cha kumshtua. Alipima, chanya. Nani alimpa nani kwanza? Hatujui, na kipimo hakisemi.

Sasa nirudi kwenye swali lililoninyima raha kama mhasibu: iweje ugonjwa mmoja uchukue siku 10 kwa huyu na 61 kwa yule? Nilichimba. Bakteria wa kaswende, Treponema pallidum, waliogunduliwa mwaka 1905 na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, ni wavivu wa ajabu katika kuzaana. Mmoja huchukua kama saa 30 hadi 33 kugawanyika kuwa wawili. Bakteria wa kawaida wa tumboni, akipata mazingira mazuri, hufanya kazi hiyo kwa dakika 20. Nikachukua kikokotoo: siku 21 ni saa 504, gawa kwa 30, unapata vizazi 16 au 17. Bakteria mmoja akijirudufu mara 17 ni 131,072. Yule wa tumboni angefika hapo kwa saa 5 na dakika 40, kabla hujala mlo wa pili. Kwa hiyo kuatamia huku si kulala. Ni kazi inayoendelea, ila kwa mwendo wa konokono, mpaka wanapokuwa wengi kiasi cha mwili kupambana nao hadharani, na hapo ndipo kidonda hutokea.

Nikajaribu kuifanya na siku zangu 61, hesabu ikagoma. Ilitoa mamia ya trilioni, idadi ambayo isingeenea kwenye kidonda cha ukubwa wa kifungo. Daktari alicheka nilipomwonyesha (mara ya pekee niliyomwona akicheka). Wengi hufa njiani, akasema, kinga inawala, na walioingia mwanzoni kama walikuwa wachache, safari inarefuka. Si riba ya benki ile.

Na ndiyo maana kisonono kina tabia tofauti kabisa. Vimelea vyake, alivyovitambua Albert Neisser mwaka 1879, huzaana haraka na huamsha askari wa mwili mara moja, kwa hiyo mwanaume mwenye dalili mara nyingi huzipata ndani ya siku mbili hadi tano: mkojo unachoma, usaha unatoka. Klamidia iko katikati, wiki moja hadi tatu, kwa kuwa lazima ijifiche ndani ya seli, ijibadilishe umbo, izaane, kisha ipasue itoke, na mzunguko mmoja wa hivyo huchukua siku mbili tatu. Pangusa siku 4 hadi 10, na kidonda chake kinauma, hicho hutakisingizia zipu. Malengelenge ya herpesi siku 2 hadi 12. Homa ya ini B huweza kutulia miezi miwili, mitatu, hata zaidi. Virusi vya HPV ndio wafalme wa subira, maana kutoka kuambukizwa hadi saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi ni miaka 15 au 20. Jaribu kuhesabu usiku huo.

Tena hizo zote ni hesabu za anayepata dalili. Wanawake wengi wenye klamidia, na wanaume kama nusu, hawaoni kitu. Kwao yai linakaa kiotani tu.

Kuchanganya mahesabu haya si kosa la watu kama mimi peke yetu. Mwaka 1767 tabibu wa London, John Hunter, alichukua usaha wa mgonjwa wa kisonono akaupandikiza kwenye ngozi ya uume, wa nani hasa bado wanabishana, wapo wanaosema wake mwenyewe. Mtu yule alipotokwa na dalili za kaswende, Hunter akahitimisha kwamba kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba mgonjwa aliyetoa usaha alikuwa na magonjwa yote mawili, moja limejitokeza, jingine likiatamiwa kimya. Kosa lile lilidumu hadi 1838 Philippe Ricord alipoyatenganisha. Miaka 71! Mimi langu lilidumu siku 87, nijipongeze.

Kitu kingine nilichokuwa nimekivuruga: nilidhani saa ni moja. Kumbe zipo saa tatu ukutani na kila moja ina majira yake. Ya kwanza ni ya dalili, hiyo ndiyo ya kuatamia. Ya pili ni ya kipimo, ile wanayoiita kipindi dirisha: muda ambao ugonjwa umo lakini kipimo hakiuoni, kwa kuwa kipimo cha haraka hakitafuti mdudu, kinatafuta kingamwili ambazo mwili haujatengeneza. Kwa VVU kipimo cha kingamwili kinaweza kuhitaji hadi siku 90, kile cha maabara kinachotafuta pia kipande cha kirusi chenyewe kinahitaji siku 18 hadi 45. Kwa kaswende, kingamwili hufuatana na kidonda au huchelewa nyuma yake wiki kadhaa. Karatasi yangu ya hasi ya siku ya tano, ambayo kwa kweli ilikuwa siku ya 40, ilisema kweli kuhusu kingamwili na haikusema chochote kuhusu mimi.

Saa ya tatu ni ya kuambukiza, na hiyo ndiyo iliyomwokoa yule dada. Kaswende hupita kwa ngono pale penye kidonda au vidonda vya utando vya hatua ya pili. Ile Ijumaa mimi nilikuwa bado naatamia, kidonda hakikuwepo. Mpira ulipasuka na yeye akanusurika kwa wiki tatu na siku tano. Kwa VVU hesabu ni kinyume na inatisha: wiki zile za mwanzo, dirisha likiwa wazi na kipimo kikisema hasi, ndipo virusi hujaa damuni na mtu huambukiza kwa urahisi zaidi. Saa mbili, ukuta mmoja, zinakwenda kinyume.

Ndiyo maana pia orodha ya daktari ilirudi nyuma miezi sita. Mtu mwenye kidonda tu huulizwa miezi mitatu nyuma, hiyo 90 niliyokwambia uikumbuke, pamoja na siku alizokaa na dalili. Mimi nilishaingia hatua ya pili, nikaongezewa. Hakuna anayekuomba mkosaji hapo, wanataka watu wa kuwapima. Mimi ndiye niliyepeleka kesi.

Nimerudia vipimo. VVU hasi baada ya siku 90, mchumba wa zamani pia hasi, na ametibiwa. Kiwango cha kaswende kilishuka kutoka moja kwa sitini na nne hadi moja kwa kumi na sita, miezi sita baadaye moja kwa nne, na daktari ameridhika. Kile kipimo cha haraka cha mstari, hata hivyo, huenda kikabaki chanya maisha yangu yote ingawa nimepona, kwa hiyo popote nitakapopimwa nitalazimika kusimulia kisa hiki upya. Nimejizoeza toleo la dakika moja.

Kwa yule dada niliomba radhi. Alinijibu baada ya siku tisa: "Sawa." Ujumbe wangu wa usiku wa homa bado upo hapo juu ya hiyo "sawa", sijaufuta na sidhani kama yeye ameufuta. Una mistari kumi na minne, na neno "wewe" limo mara saba. Nimelihesabu.